Stempu ya Mbio Ambazo Hazikukimbiwa

Wamarekani wana kadi zao za besiboli: picha ya mchezaji mbele, takwimu nyuma, na watu wazima wanazinunua kwa bei ya nyumba. Sisi hatukuwa nazo. Tulikuwa na stempu.

Babu yangu wa Kwedizinga alikuwa akiloweka bahasha za barua kwenye bakuli, anabandua stempu taratibu, kisha anazianika juu ya gazeti. Daftari lake nimelirithi mimi. Ukurasa mmoja una stempu nne za mwaka 1976, zilizotolewa kwa ajili ya Olimpiki ya Montreal. Ya senti 50 ni John Akii-Bua wa Uganda, shilingi 1 ni Filbert Bayi wetu, shilingi 2 ni bondia Stephen Muchoki wa Kenya. Ya shilingi 3 ni mwenge.

Sasa kaangalie matokeo ya Montreal. Humuoni hata mmoja wao.

Mwaka ule timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini, damu ya watoto wa Soweto haijakauka. Afrika ikataka New Zealand iondolewe kwenye Olimpiki, ikakataliwa. Nchi zaidi ya 20 zikasusa, Tanzania ikiwa mstari wa mbele.

Kumbuka Bayi alikuwa nani. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, aliongoza mita 1500 tangu mwanzo hadi utepe, akaweka rekodi ya dunia: dakika 3 na sekunde 32.2. Aliyemfukuza mpaka mwisho alikuwa John Walker, wa hukohuko New Zealand. Watu wakangoja warudiane Montreal. Walker akakimbia bila Bayi, akachukua dhahabu. Bayi alipata fedha Moscow mwaka 1980, tena kwenye mbio nyingine, mita 3000 za kuruka viunzi na maji.

Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, na shirika lile la posta la pamoja likafa nayo.

Huwa tunasema kwa fahari, "tulisusa." Naamini tulifanya haki. Lakini miguu iliyobaki nyumbani haikuwa yetu sote. Ilikuwa ya huyu kijana wa shilingi moja, ambaye kwenye daftari la babu bado anakimbia.