Kutoka Injini Hadi Sufuria: Safari ya Alumini ya Kusubu

Kwa wanunuzi wa vyuma chakavu walioko kando ya Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, kuanzia Kimara na Mbezi hadi Kibamba, alumini si kitu kimoja. Waya wa umeme, fremu ya dirisha na sufuria kuukuu huwekwa upande wa laini. Pistoni, kichwa cha silinda na kasha la injini ya bodaboda huenda upande wa ngumu. Makopo ya soda yana fungu lake na bei yake. Mnunuzi hana maabara. Husogeza sumaku kuhakikisha hakuna chuma kilichojificha, hugonga asikilize mlio, kisha huangalia pale kipande kilipovunjika: kama kimekunjika kabla ya kukatika, ni laini, na kama kimekatika ghafla kikaacha chembe za kijivu, ni ngumu.

Mgawanyo huo wa mizani umebeba takriban miaka 200 ya kemia, na mwisho wake uko jikoni, kwenye sufuria nzito inayopikia ubwabwa.

Waya wa umeme ni alumini karibu tupu, zaidi ya asilimia 99, kwa sababu uchafu huzuia umeme kupita. Lakini usafi huo humpa fundi wa kusubu shida. Alumini tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na ikimiminwa kwenye kalibu hutiririka kwa shida, hushindwa kufika kwenye kona nyembamba, kisha hupasuka inapopoa kwa kuwa husinyaa sana. Pistoni ya gari ni habari nyingine. Ndani yake mna silikoni inayokaribia asilimia 12, na mchanganyiko huo huganda kwenye nyuzi 577 hivi. Uji wake ni mwepesi, hujaza kalibu hadi ukingoni na husinyaa kidogo. Ukuta mwembamba wa sufuria usio na ufa unatokana na silikoni hiyo, hata kama aliyeimimina hajawahi kusikia jina lake.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1825 Mdenmarki Hans Christian Ørsted alipata chembe za kwanza za madini haya, na kwa miongo mingi yakawa kitu cha fahari. Mwaka 1884, Wamarekani walipokamilisha mnara wa Washington, kileleni waliweka piramidi ndogo ya alumini ya kusubu yenye uzito wa kilo 2.8 hivi. Wakati huo hicho kilikuwa kipande kikubwa cha kuonyeshwa kwa watu. Miaka miwili baadaye, Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, wote waliozaliwa mwaka 1863 na wasiojuana, waligundua kila mmoja kwa njia yake namna ya kutenganisha alumini kwa umeme. Bei ikaporomoka. Ndugu wawili wa familia ya Wright waliporuka mwaka 1903, kasha la injini yao lilikuwa limesubiwa kwa alumini iliyochanganywa na shaba asilimia 8.

Silikoni ilichelewa kwa sababu ilikuwa na ila. Ndani ya alumini inayoganda ilijipanga kama vipande virefu vyenye ncha kali, na kifaa kikavunjika kwa pigo dogo. Mwaka 1920 mkemia mzaliwa wa Hungaria, Aladár Pácz, alionyesha kwamba chumvi ya sodiamu kidogo tu, ikitiwa kwenye madini yaliyoyeyuka, huvifanya vipande hivyo kuwa vidogo na vya mviringo. Injini nyingi za alumini zilizofuata, za magari na za pikipiki, zina deni kwake.

Afrika Mashariki nusura ipokee mzigo mkubwa wa aloi ya alumini kwa njia ya ajabu. Tarehe 21 Novemba 1917 meli ya angani ya Kijerumani iitwayo L 59, yenye urefu wa zaidi ya mita 220, iliondoka Jamboli nchini Bulgaria ikiwa na silaha na dawa za kumpelekea Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani aliyekuwa akibanwa vitani kusini mwa nchi ambayo sasa ni Tanzania. Kiunzi chake kilikuwa cha duralumini, aloi iliyozaliwa kwa ugunduzi wa Alfred Wilm mwaka 1906: alumini yenye shaba na magnesiamu kidogo, ambayo ikipashwa moto, ikapozwa ghafla na kuachwa siku kadhaa, huzidi kuwa ngumu yenyewe. Meli hiyo haikutarajiwa kurudi. Ilikusudiwa kubomolewa huku, kitambaa chake kiwe mahema na mavazi, na kiunzi chake kijengewe vitu vingine.

Ilifika anga la Sudani, magharibi ya Khartoum, ikaamriwa kurudi. Ilitua tena Jamboli tarehe 25 Novemba, baada ya saa 95 na karibu kilomita 6,800 bila kugusa ardhi. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alikuwa akivuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji.

Alumini iliyokuja kukaa ilikuja kimya zaidi. Mwaka 1929 kilianzishwa Mombasa kiwanda kilichokuja kujulikana kama Kaluworks, na sufuria zake za bati la alumini zikaenea pwani na bara. Dar es Salaam ikapata Aluminium Africa, yaani ALAF, mwaka 1960, kwenye barabara iliyoitwa Pugu na sasa Nyerere. Sufuria ya kiwandani haisubiwi. Hukatwa kwenye bati kama duara, kisha hukandamizwa au kuzungushwa hadi ipate umbo. Ni nyepesi, huchemka upesi, na chini huunguza haraka.

Sufuria ya kusubu ilitoka kwa mafundi wa mitaani, na hapa pana jambo la kutafakari. Pwani hii ilijua kusubu zamani: siwa ya shaba ya Lamu, iliyo kwenye makumbusho ya mji huo, ilitengenezwa kwa kalibu ya nta. Bara, Wahaya na Wafipa walikuwa mabingwa wa chuma, ila tanuri zao hazikumimina kitu. Chuma kilitoka kama bonge, kikafuliwa kwa nyundo, maana kukiyeyusha chuma kitupu kunadai nyuzi zaidi ya 1,500. Alumini ikaja na nyuzi 660. Mkaa na feni vinatosha. Ndiyo maana injini za magari mabovu zilipoanza kurundikana, uani popote penye mkaa, feni na chungu cha chuma pangeweza kuwa karakana ya kusubu. Katwe jijini Kampala ni maarufu kwa kazi hiyo, na Dar es Salaam ina mafundi wake.

Kazi yenyewe inataka utulivu. Fundi huchukua sufuria nzuri kuwa kielelezo, huifudikiza ndani ya fremu ya mbao, hushindilia mchanga laini uliochanganywa na udongo na kuloweshwa kiasi cha kushikamana ukifumbatwa. Fremu ya pili hubeba mchanga wa upande wa ndani. Kielelezo hutolewa taratibu, na nafasi inayobaki kati ya kuta mbili za mchanga, milimita chache tu, ndiyo sufuria ijayo. Chungu kikiiva, uji wa alumini hauonekani mwekundu kama chuma cha mhunzi. Mchana hung'aa kama fedha, ukiwa na utando wa kijivu juu. Utando huo huondolewa kwa upawa wa chuma, kisha kumimina huenda mfululizo bila kusita, kwani akisita madini huganda njiani na kuacha mshono.

Adui mkubwa ni maji. Mchanga ukilowa mno, mvuke hulipuka na kurusha alumini ya moto. Hata unyevu mdogo una madhara: alumini iliyoyeyuka huvuta hidrojeni kutoka kwenye mvuke, na inapoganda hidrojeni hiyo hukosa pa kukaa, ikaacha vitundu. Sufuria inayovuja matone bila ufa wowote kuonekana, mara nyingi kisa ni hicho.

Makopo nayo yana siri. Kiwiliwili cha kopo kina magnesiamu asilimia 1 hivi, kifuniko kina asilimia 4 hadi 5. Bati lake ni jembamba mno, moto hulishika pande zote, magnesiamu huungua mapema, na gunia zima huishia kuwa majivu mengi na madini kidogo. Bei yake ya chini kwa mnunuzi ina sababu.

Magnesiamu ikiwa nyingi, mambo hubadilika kabisa. Humphry Davy aliitenga London mwaka 1808. Ina uzito wa theluthi mbili tu ya alumini na huyeyuka kwenye nyuzi 650, kwa hiyo ndani ya chungu kimoja huyeyuka pamoja na alumini bila kujitambulisha. Ikishika moto huwaka kwa mwanga mweupe unaoumiza macho, na maji huzidisha moto kwa kutoa hidrojeni. Viwandani huyeyushwa chini ya tabaka la chumvi maalumu au la gesi inayoikinga na hewa. Uani hakuna kinga hiyo.

Na magnesiamu ilifika huku mapema. Kasha la injini na la giaboksi ya gari la Volkswagen Beetle yalisubiwa kwa aloi ya magnesiamu, kilo 20 hivi kwa gari moja, na mwaka 1971 kampuni hiyo ilitumia tani 42,000 za madini hayo. Gari hilo ndilo lililovuma katika mashindano ya magari ya Safari yaliyoanza mwaka 1953 kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tommy Fjastad alishinda nalo mwaka 1962. Kasha la Beetle na kasha la alumini hufanana kwa rangi. Tone la siki huyatofautisha: kwenye magnesiamu iliyokwaruzwa siki hutoa mapovu papo hapo, kwenye alumini hutulia.

Hatari nyingine haiwaki wala haitoi mapovu. Mwaka 2017 timu ya Jeffrey Weidenhamer wa Chuo Kikuu cha Ashland, Marekani, ilichapisha utafiti wa vyombo 42 vya kupikia vya alumini kutoka nchi 10, Tanzania na Kenya zikiwemo. Vilichemshiwa asidi ya siki kuigiza chakula kichachu. Zaidi ya theluthi moja vilitoa risasi kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi.

Ni kosa kumaliza habari hii kwa kuwalaumu mafundi. Tanzania ina boksiti huko Magamba, Lushoto, lakini haina mtambo wa kuigeuza alumini, na kilo moja ya alumini mpya hula umeme wa uniti 14 hivi, wakati kuyeyusha chakavu huhitaji takriban asilimia 5 ya nishati hiyo. Chakavu kitaendelea kuwa mgodi wao. Kinachokosekana ni kupima. Kipo kifaa cha mkononi kinachosoma madini kwa miale ndani ya sekunde chache. Bei yake inamshinda fundi mmoja, lakini haiishindi taasisi kama SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo.

Hata bila kifaa, mengi hufanyika kabla chungu hakijawekwa motoni. Rimu hubanduliwa vile vipande vya risasi vya kusawazisha gurudumu. Rejeta iliyounganishwa kwa lehemu huwekwa kando, pamoja na betri na kila kilichopakwa rangi ya zamani. Kwa mpishi, unene wa sufuria ya kusubu unafaa sana wali na maharage, kwani hutunza joto na kulisambaza. Mchuzi wa nyanya, ukwaju au ndimu ndio usiolazwa humo hadi asubuhi.