Kagongwa Siyo Kongwa

Kila nikimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba kwetu ni Kagongwa, ananiuliza habari za karanga. Anachanganya na Kongwa ya Dodoma. Simlaumu, Kongwa iliingia vitabuni. Mwaka 1947 Waingereza walishusha matrekta, mengine yametengenezwa kwa vifaru vya vita, wakataka kufyeka ekari zaidi ya milioni tatu za Tanganyika ili wapate mafuta ya karanga. Wakafyeka Kongwa, wakafyeka Nachingwea, wakafyeka na Urambo. Januari 1951 serikali yao ikatangaza kuuacha mpango, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimekwenda na maji. Maji yenyewe, jamani, ndiyo yalikosekana.

Kagongwa haina kitabu. Ni mji wa barabarani kati ya Isaka na Kahama: mashine za kukoboa mpunga, malori ya mchele, vumbi. Lakini ukiniuliza mimi, historia ya ardhi ya huku ina mafunzo mengi kuliko ile ya karanga.

Vijana wanaopenda kompyuta wanaijua ile michezo ambayo unapewa koloni la watu wachache porini. Unawaamrisha: huyu akate mti, yule alime, wale wajaze ghala. Ukikata miti yote haraka haraka, watu wako wanakufa kwa njaa na baridi, unaanza upya. Mchezaji anakaa juu, anaona kila kitu, na halali na njaa hata siku moja. Sasa, msomaji wangu, Usukuma imewahi kuchezwa hivyo, tena na watu wa kweli.

Mchezaji wa kwanza alikuwa Swynnerton, Mwingereza aliyetafiti mbung'o Shinyanga. Kuanzia miaka ya 1920 vichaka vilifyekwa ili mbung'o wakose kivuli, na wafyekaji walikuwa Wasukuma wenyewe, wakiitwa na watemi wao. Tusimwonee: mbung'o walipungua kweli, ng'ombe wakapata nafasi, na malale si ugonjwa wa kuchekea. Ila mti ukawa adui. Halafu ikaja pamba. Mtu akiuza pamba ananunua ng'ombe, kwa sababu benki ya Msukuma ina kwato. Pamba inakula msitu, ng'ombe wanakula majani, na kila mwaka vyote viwili vinaongezeka.

Wakoloni walipoona ardhi imechoka, mwaka 1947 (mwaka uleule wa karanga!) wakaanzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma. Punguza ng'ombe. Lima matuta ya kuzuia maji. Weka samadi. Asiyetii, faini. Baadhi ya maagizo yale yalikuwa mazuri kabisa, matuta yanasaidia hata leo, lakini amri ni amri, na watu walizichukia hata zilizo na faida. Mwaka 1958 watu wa Geita waliandamana mpaka Mwanza kuipinga serikali, na kero za amri za kilimo zilikuwamo ndani ya hasira ile. Amri zikafa. Matuta mengi yakafa nazo.

Baada ya uhuru tukachezwa na wenyewe. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 iliwahamisha watu wakaishi pamoja, wakaziacha ngitili zao nyuma. Hapa nisimame kidogo, maana ngitili ndiyo kiini cha maneno yangu.

Ngitili ni eneo la nyasi na miti linalofungwa mvua zinapoanza. Ng'ombe hawaingii. Nyasi zinarefuka, zinakaukia hapohapo kama akiba. Kufika Julai au Agosti, malisho ya nje yakiwa yamekwisha, linafunguliwa, tena kwa vipande: kipande hiki kikiisha ndipo kingine. Ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia ndio wanaotangulia. Hakuna trekta, hakuna bwana shamba. Ni ghala lisilo na paa.

Ngitili zilipoachwa, vichaka vikaisha. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alitembelea Shinyanga, na mkoa ukawa unaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norway. Mwanzoni nao ulikuja na vitalu vya miche ya kigeni, mikaratusi na milusina. Baadaye wataalamu wakagundua kwamba wazee wanacho chao: funga eneo, visiki vya zamani vitachipua vyenyewe, bure. Sungusungu wakawa walinzi, mikutano ya jadi, dagashida, ikapanga faini. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kupita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa ule wa zamani. HASHI ikapata tuzo ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002, na mwaka 2004 mradi ukafungwa. Kuni zikarudi karibu na nyumba, asali ikarudi, na dawa za mizizi pia. Mimi nasema ushindi ule ulikuwa wa visiki na wazee. Mradi ulikuwa na akili ya kuwasikiliza.

Lakini mchezo haujaisha. Bulyanhulu ilianza kutoa dhahabu mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009, na Kahama ikavimba. Mji ukivimba unataka mkaa, unataka mchele. Eneo la bondeni ambalo lilikuwa ngitili linatengenezeka kuwa majaluba ya mpunga, na mpunga hapa Kagongwa ni hela ya mkononi. Nani atamwambia kijana asiuone mshiko huo? Nyasi haziuziki kwenye mashine.

Baba mdogo ana ngitili ya ekari sita aliyorithi kwa babu. Mnunuzi wa mkaa amemfuata mara mbili, mara ya pili kaja na pesa mkononi. Wanawe wawili wanataka ilimwe mpunga, shangazi anataka ibaki, kwa sababu kuni za msibani anazitoa humo. Kikao kimekaa mara tatu. Upande wa mashariki umefunguliwa tangu Agosti, ng'ombe wamo. Wa magharibi bado una miiba mlangoni.