Kisamvu cha Mpira

Huku kwetu Muheza kisamvu ni cha aina mbili. Kipo cha mihogo, ambacho kila mtu wa pwani anakijua, na kipo cha mpira, kinachochumwa kwenye mti mrefu wenye utomvu mweupe. Marehemu mama yangu, aliyefariki mwaka 1998, alipenda kupika cha mpira. Sisi wanawe tulikikuta chunguni tangu utoto, wala hatukujiuliza mti ule ulifikaje nyuma ya nyumba yetu.

Jibu nililipata baadaye, nilipokuwa nasomea ualimu. Mti huo ni ndugu wa muhogo, na asili yake ni Brazili. Mwanzoni mwa karne ya ishirini Wajerumani waliupanda kwa wingi katika sehemu za Tanga ili wapate mpira wa kuuza Ulaya. Kwa miaka michache walipata faida. Kisha, mwaka 1913, bei ikaanguka, kwa sababu mpira wa mashamba ya Asia ulikuwa mwingi na wa gharama ndogo. Mashamba yakaachwa, na nguvu zote zikaelekezwa kwenye mkonge, zao ambalo Richard Hindorf alikuwa amelileta kutoka Florida mwaka 1893, na miche 62 tu ndiyo iliyosalimika safarini. Mzungu akauacha mpira. Mama zetu wakachuma majani.

Mama hakusoma shule, lakini kazi yake ilikuwa na utaratibu. Alichuma majani machanga asubuhi, akayatwanga kwenye kinu mpaka yakawa kama uji mzito. Aliyachemsha kwa muda mrefu, chungu kikiwa wazi. Dada zangu walipotaka kufunika ili moto usipotee bure, aliwaambia, "Acheni kitoe ubaya wake, wanangu." Ubaya huo wataalamu wanauita sayanaidi, majani yasipotwangwa na kuchemshwa vizuri yanaweza kudhuru. Baada ya hapo alitia kunde zilizokwisha kuiva, kitunguu, chumvi na tui la pili. Tui la kwanza alilitia mwishoni, akikoroga taratibu lisikatike.

Chakula hicho ndicho kilichonisomesha. Baba alikuja Tanga kutoka Kigoma akiwa manamba, na alikata mkonge maisha yake yote ya nguvu. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha tani zipatazo 230,000 za mkonge, nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, lakini mshahara wa mkata mkonge haukutosha posho ya nyumbani na karo ya shule ya kati kwa pamoja. Kila siku ya mshahara mama alijitwika chungu cha kisamvu na bakuli la bada, akaenda kuwauzia wafanyakazi kando ya njia ya shambani. Senti alizifunga kwenye pindo la kanga. Pindo lile ndilo lililolipa karo yangu mpaka nikamaliza darasa la nane mwaka 1965.

Kisha mkonge nao ukapata yaliyoupata mpira. Kamba za plastiki ziliingia sokoni, bei ikashuka, na mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa yakiwa tayari yanadhoofika. Baba alipunguzwa kazi. Njaa ya 1974 ilipokuja, tukala ugali wa unga wa njano kutoka Marekani, ule ambao watu waliuita yanga. Mboga haikubadilika.

Jambo moja zaidi linanifurahisha. Katika kituo cha utafiti cha Amani, juu ya milima inayoonekana kutoka kwetu, wataalamu wa wakati wa Waingereza walichanganya mbegu ya muhogo na ya mti huohuo wa mpira ili kupata mihogo inayostahimili batobato. Kwa hiyo mti uliotupwa na wafanyabiashara umewalisha watu mara mbili: kwa majani yake, na kwa damu yake iliyomo ndani ya mihogo yetu.

Nimefundisha historia kwa miaka mingi. Vitabu vilitaja tani, bei na majina ya magavana, na wanafunzi wanapaswa kuyajua hayo. Lakini mazao yale mawili yaliletwa kwa ajili ya soko la mbali, na soko lilipogeuka, waliobaki na tatizo la kula walikuwa watu kama mama. Yeye hakungoja bei ipande. Aliangalia kilichobaki shambani, akatafuta namna ya kukitoa sumu.

Tulipogawana kiwanja chake, baadhi ya ndugu walitaka miti yote ikatwe ipandwe michungwa, kwa kuwa machungwa ya Muheza yana soko. Tulijadiliana siku nzima. Mwishowe michungwa ilipandwa, na mipira mitatu ikaachwa kando ya kisima. Wajukuu wamekwisha kufundishwa wasifunike chungu.