Mkasi uliopita nyuma ya mgongo wa Kazan

Septemba 2026 filamu ya A Streetcar Named Desire inatimiza miaka 75 tangu ianze kuonyeshwa Marekani. Bila shaka zitamwagwa sifa za Marlon Brando na fulana yake iliyolowa jasho, na anastahili. Kinachosahaulika ni kwamba watazamaji wa 1951 hawakuiona filamu aliyoikamilisha mwongozaji Elia Kazan. Waliona iliyokatwakatwa naye akiwa hana habari.

Tamthilia yenyewe, ya Tennessee Williams, ilipanda jukwaani Broadway tarehe 3 Desemba 1947, ikachezwa mara 855 na kumpatia mwandishi tuzo ya Pulitzer. Kazan ndiye aliyeiongoza, na alipohamia kwenye filamu alikwenda na wasanii wake: Brando, Kim Hunter, Karl Malden. Aliyeachwa ni Jessica Tandy, aliyeigiza Broadway nafasi ya Blanche, mhusika mkuu. Studio ya Warner Bros. ilitaka jina la kujaza kumbi, ikamchukua Vivien Leigh, aliyekuwa ameigiza nafasi hiyo London chini ya mumewe, Laurence Olivier. Mazoezini Leigh hakuacha kueleza walivyofanya kule London, hadi Kazan akamkumbusha kuwa hapa mwongozaji si Olivier.

Kwa maelezo ya Kazan mwenyewe, ambayo sisi wote tunaokisimulia kisa hiki huyaegemea mno, awali alitaka kuitoa hadithi nje: aonyeshe shamba la ukoo na maisha ya Blanche kabla hajaja New Orleans kwa dada yake Stella. Maandishi hayo yakapwaya. Akayatupa, akarudi kwenye vyumba viwili vya Stella na mumewe Stanley, na akaagiza kuta za seti ziwe zinasogezwa ndani kadiri hadithi inavyoendelea. Ukitazama huoni ukuta ukisogea. Unaona tu Blanche anazidi kukosa pa kujificha.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa Joseph Breen, msimamizi wa kanuni za maadili za Hollywood. Breen hakutaka isikike kwamba marehemu mume wa Blanche alikuwa shoga, wala hakutaka Stanley ambake shemeji yake. Hilo la kwanza lilifichwa kwa maneno ya kuzungukazunguka. La pili Williams na Kazan walikataa katakata, maana bila tendo hilo hakuna tamthilia. Ikakubaliwa libaki kwa sharti kwamba Stanley aadhibiwe. Kwa hiyo kwenye filamu Stella anamkimbia mumewe, ilhali jukwaani anabaki naye. Tendo lenyewe halionekani: kioo kinavunjika, kisha tunatupwa mtaani ambako maji ya mpira yanaosha barabara.

Kazan alidhani vita vimekwisha. Kumbe Legion of Decency, chombo cha Wakatoliki cha kupima filamu, kilikuwa tayari kuipa alama C, yaani iliyolaaniwa. Studio ikiwazia waumini watakaokatazwa kununua tiketi, ikaingiwa na hofu. Mhariri David Weisbart akatumwa New York kimyakimya, na Martin Quigley, mchapishaji wa majarida ya sinema na Mkatoliki mwenye sauti, akashauri pa kukata. Karibu dakika 4 zikaondoka.

Tazama walichokiona kuwa hatari. Blanche anamwambia kijana mkusanya pesa za gazeti kwamba angependa kumbusu. Likakatwa neno linalotaja mdomo, eti busu libaki bila mahali pa kutua. Stanley anapopiga yowe chini ya ngazi, Stella anashuka taratibu na hamu imemjaa usoni. Picha za karibu za uso huo zikaondolewa, na muziki wa jazi wa Alex North ukabadilishwa kwa sababu ulisikika wa kimwili mno. Yaani hatia ya mwanamke huyo ni kumtamani mumewe wa ndoa.

Oktoba 1951 Kazan alilieleza jambo hilo hadharani katika gazeti la New York Times. Alilalamika kwamba watu wasio na dhamana yoyote juu ya filamu waliamua nini umma wote wa Marekani uone, Wakatoliki na wasio Wakatoliki. Studio haikurudisha hata sekunde moja.

Filamu ilishinda Oscar 4, zikiwamo za Leigh, Hunter na Malden. Brando alishindwa na Humphrey Bogart wa The African Queen.

Vipande vilivyokatwa havikuteketezwa. Vilikaa ghalani, na mwaka 1993 Warner ikatoa toleo lililorudishiwa sehemu zake. Studio iliyotumia mkasi ikawa ndiyo inayouza ukarabati, na watu wakaipigia makofi. Leigh alikuwa amefariki 1967, Williams 1983. Kazan alikuwa hai, na umri wake ulikuwa umepita miaka 80.