DJ wa Izia na deni langu

Wadau, samahani kwa ukimya, kazi za gazeti zilinibana. Leo nimerudi na deni.

Nilikuwa nyumbani Sumbawanga, harusi ya binamu yangu, ukumbi mmoja pale Izia. Baridi ya Ufipa mnaijua, watu wamekaa na makoti yao. DJ, kijana mdogo, ana laptopu na kimashine chenye ukubwa wa daftari. Akazungusha kidude kimoja taratibu, muziki ukafifia kama unatoka chini ya maji. Akakirudisha ghafla, besi na ngoma zikalipuka pamoja. Makoti yakavuliwa!

Nikamfuata kuuliza. Akacheka: "Kaka, hiki hakitoi sauti hata kidogo. Kinatuma amri tu."

Ni kweli. Amri hizo huandikwa kwa lugha iitwayo MIDI. Zamani kila kampuni ya vinanda vya umeme ilikuwa na lugha yake, kinanda cha huku hakielewani na cha kule. Januari 1983, katika maonyesho ya vyombo vya muziki huko California, kinanda cha Sequential Circuits ya Marekani kiliunganishwa na cha Roland ya Japani, vikaelewana. Wazee wa kazi hiyo, Dave Smith na Ikutaro Kakehashi, waliiacha lugha hiyo itumike na kila kampuni bila kulipia. Mwaka 2013 walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi. Wote sasa ni marehemu, lakini ukarimu wao ndio uliofanya vimashine hivi vishuke bei hadi vikafika Izia.

Ukizungusha kidude, kinatuma mambo matatu: njia (zipo 16), namba ya kidude, na kiasi, kuanzia 0 hadi 127. Programu ya kompyuta inapokea na kubadili mwangwi au chujio la sauti papo hapo. Kidude kifanye nini? Anaamua DJ mwenyewe.

Lakini sisi hatukusubiri MIDI ituonyeshe njia. Uswahilini Dar es Salaam, vikundi vya mchiriku vilichukua vinanda vidogo vya Casio, vikavichomeka kwenye amplifaya zilizochoka, na ule mkwaruzo ukageuka ladha. Jagwa Music walifikisha ladha hiyo Ulaya kwa albamu ya Bongo Hotheads mwaka 2012. Singeli ikafuata. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, kazi za studio ya Sisso ya Mburahati. Vijana wa singeli hupanda jukwaani na laptopu, vidole vikikimbia juu ya vitufe vyake.

Sasa deni langu. Niliwahi kuandika gazetini kuwa DJ si mwanamuziki, anabonyeza tu. Harusi ilipokwisha, mzee mmoja wa kamati alimkata yule kijana nusu ya malipo. Nilipomtetea, akanijibu: "Mwanangu, si wewe uliyeandika kuwa wanabonyeza tu?"

Niliishiwa maneno. Nikatoa nilichokuwa nacho mfukoni, hakikufika hata robo ya alichokatwa.

Mpiga gitaa akikanyaga pedali ili sauti ilie, tunamwita fundi. Huyu naye alisikiliza, akawatazama watu, akachagua sekunde ya kuachia besi. Tofauti iko wapi? Wapo kweli wanaoweka wimbo na kwenda kunywa soda. Lakini niliwahukumu wote bila kusimama nyuma ya meza ya hata mmoja. Kwa mwandishi wa habari, hilo ni kosa la kazi.

Nimeanza kuandika masahihisho ya gazetini. Mzee wa kamati nitampelekea nakala mwenyewe.

Wadau mnasemaje? Mwenye kanda za mchiriku wa zamani azitunze, hiyo ni historia yetu.

Alamsiki.