Uzamili wa Uhasibu na Fedha za Kimataifa

Uzamili wa uhasibu na fedha za kimataifa ni daraja ya masomo ya chuo kikuu ifuatayo shahada ya kwanza, ifundishayo namna hesabu za makampuni yafanyayo biashara katika nchi mbalimbali zinavyotungwa, kukaguliwa na kufasiriwa, na jinsi mtaji unavyotafutwa katika masoko ya fedha ya ulimwengu. Nchini Uingereza aghalabu huchukua mwaka 1, na hukamilishwa kwa tasnifu.

Msingi wake ni kanuni za kimataifa za uhasibu, ambazo kamati ya kuzitunga iliundwa London mwaka 1973, na ambazo Umoja wa Ulaya uliyalazimisha makampuni yenye hisa sokoni kuzifuata tangu 2005. Kenya ilikuwa imekwisha kuzikubali mwaka 1999.

Mas'ala magumu, tena yastahiliyo kudurusiwa kuliko mengine, ni ya sarafu: kampuni ya London yenye kampuni tanzu Dar es Salaam hugeuza mali na madeni ya huko, kutoka shilingi kuwa pauni, kwa kiwango cha siku ya kufunga hesabu, ilhali mapato na matumizi hugeuzwa kwa kiwango cha siku ya muamala, au kwa wastani wa kipindi, na tofauti itokeayo haiingizwi katika faida wala hasara ya mwaka, bali huwekwa katika akiba ya pekee mpaka kampuni tanzu hiyo iuzwe.