Kaburi la Farao na Kichwa cha Otenyo

Abagusii, wenyeji wa milima na mabonde ya Kisii na Nyamira, hawakupata katika taarikhi yao kutawaliwa na sultani mmoja aliyevikwa taji na kujengewa kasri. Koo zao kubwa, Kitutu, Nyaribari, Bobasi, Machoge, Mugirango na Wanjare, ziliendeshwa kwa shauri la wazee, na mtu alipofikiwa na ajali yake, awe tajiri wa ng'ombe au fukara, alizikwa bomani kwake, mwanamume upande wa kuume wa nyumba na mwanamke upande wa kushoto, kisha migomba ikamea, mvua za alasiri zikashuka, na baada ya vizazi viwili au vitatu waliojua mahali alipolala wakawa ni wale tu waliosimuliwa na babu zao. Kwa sababu hiyo msomaji wa Getembe, ndio mji wa Kisii, au wa Nyamira mjini ana haki ya kuuliza habari ya kaburi la Farao inamhusu nini. Inamhusu sana, nami nataraji kwamba akiisoma hadi mwisho ataona ya kuwa tangu mwaka 1908 sisi nasi tuna maziko ambayo hayajatimia.

Mwaka 1922 wataalamu wengi waliamini kwamba Bonde la Wafalme, lililo magharibi ya mto Nili mkabala wa mji wa Luxor, limekwisha kutoa kila lilichokuwa nacho. Theodore Davis, tajiri wa Kimarekani aliyelichimba kwa miaka mingi, alikwisha kutoa hukumu hiyo kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Na Lordi Carnarvon, Mwingereza aliyepewa ruhusa ya kuchimba baada yake, alikuwa amechoka kugharimia vifusi. Howard Carter, mchoraji aliyeingia Misri mwaka 1891 akiwa kijana wa miaka 17, asiye na shahada ya chuo chochote, ndiye aliyemsihi bwana wake amkubalie msimu mmoja zaidi. Tarehe 4 Novemba, chini ya mabaki ya vibanda vya mafundi waliochonga kaburi la Ramesses wa Sita, wafanyakazi wa Kimisri walifichua kidato cha kwanza cha ngazi iliyochongwa mwambani. Vikafuata vidato vingine hata vikatimia 16, na mwisho wake palikuwa na mlango uliopigwa lipu na kutiwa mihuri ya walinzi wa makaburi.

Hapo Carter alifanya jambo ambalo mimi nalisifu kuliko bahati yake yote. Badala ya kuuvunja mlango, aliamuru ngazi ifukiwe tena, akampelekea Carnarvon simu ya maandishi, akangoja karibu majuma matatu mpaka tajiri huyo alipowasili kutoka Uingereza. Na tarehe 26 Novemba, walipoufikia mlango wa pili, alitoboa tundu dogo, akapitisha mshumaa ili kupima hewa, kisha akachungulia. Wezi walikwisha kuingia kaburini humo zamani za kale, wakachukua baadhi ya vito na mafuta ya thamani, lakini mlango ulizibwa nyuma yao, na vifusi vya kaburi la juu vikaifunika njia kwa zaidi ya miaka 3,000. Ndani ya vyumba vinne vidogo, vilivyo duni kabisa mbele ya makaburi ya wafalme wengine, mlikuwa na vitu zaidi ya 5,000: magari sita ya kuvutwa na farasi, vitanda vyenye vichwa vya wanyama, mitungi ya divai iliyoandikwa mwaka na shamba ilikotoka, masanduku ya nyama, vikapu vya matunda, jambia la chuma kilichotoka angani pamoja na kimondo, na majeneza matatu, moja ndani ya jingine, la ndani kabisa likiwa la dhahabu tupu, uzito wake upatao kilo 110.

Fundi wa Tabaka, aliyezaliwa katika kazi ya kuchonga jiwe laini la Kisii na kuling'arisha kwa maji na msasa, nadhani angeyapita magari na vitanda na kwenda kusimama mbele ya kasha la alabasta lililohifadhi matumbo ya mfalme, kwa maana vifuniko vyake vinne vimechongwa kwa sura ya mtu kijana, macho na midomo ikitiwa rangi kidogo tu, na mikono iliyofanya kazi ile ilijua vyema kwamba haitaonwa na mtu yeyote baada ya mlango kuzibwa. Amma wachimbaji wenyewe, waliobeba udongo kwa vikapu juani, walisimamiwa na raisi Ahmed Gerigar, mzee wa kazi ambaye Carter alimtaja kwa shukrani. Lakini dunia imelihifadhi jina la Carter, na la Gerigar imeliacha lififie, jambo ambalo si haki.

Mfalme huyo ni Tutankhamun, aliyetawala Misri takriban miaka 1332 hadi 1323 kabla ya kuzaliwa Isa, akafa akiwa na umri wa miaka 18 au 19. Mabinti wake wawili, waliozaliwa kabla ya wakati wao, walizikwa pamoja naye.

Kuna jambo ambalo wasimulizi wa hazina hii hulipita upesi. Oktoba 1925, jeneza la ndani lilipofunguliwa, ilionekana kwamba mafuta ya utomvu yaliyomiminwa juu ya maiti wakati wa maziko yamekwisha kuganda na kumshikamanisha mfalme na jeneza lake. Carter, pamoja na tabibu Douglas Derry na mwenzake wa Kimisri Saleh Bey Hamdi, hawakuona njia nyingine. Viungo vikakatwa, na kichwa kikatengwa na kiwiliwili, kikabanduliwa ndani ya kinyago cha dhahabu kwa visu vilivyopashwa moto. Mwaka uliofuata vipande vilipangwa juu ya mchanga katika trei ya mbao, vikarudishwa kaburini. Walikuwa wataalamu waangalifu kwa kadiri ya zama zao, wala sisemi kwamba walikusudia kumvunjia heshima. Hata hivyo walimtendea maiti wa nchi ya watu jambo ambalo wasingemtendea mfalme wao aliyezikwa Windsor.

Lililookoa heshima ya jambo hili ni kwamba Misri ilikwisha kupata madaraka yake. Uhuru ulitangazwa Februari 1922, miezi michache tu kabla ya kidato cha kwanza kuonekana, na ijapokuwa Mwingereza alibakiza mkono wake katika mambo mengi, serikali ya Saad Zaghloul iliyoingia mwaka 1924 haikukubali kwamba hazina ya Tutankhamun igawanywe nusu kwa nusu kama ilivyokuwa desturi ya wachimbaji wa kigeni. Carter alipogoma na kufunga kazi, serikali nayo ililifunga kaburi kwa kufuli zake, akarudi baadaye kwa masharti yao. Carnarvon mwenyewe alikwisha kufariki Aprili 1923 mjini Cairo, kwa jeraha la kuumwa na mbu lililoingia sumu, na warithi wake walilipwa fidia ya gharama. Vitu vikabaki Misri, na leo vimekusanywa katika jumba jipya la makumbusho pale Giza, lililofunguliwa rasmi Novemba 2025. Na mfalme, kichwa na kiwiliwili, amelazwa katika lile lile kaburi alimozikwa.

Karibu nasi zaidi, mwaka 1969, Mbelgiji Francis Van Noten alilifukua nchini Rwanda kaburi la mfalme Cyirima Rujugira wa karne ya 18, ambaye maiti yake ilikaushwa na kulindwa na watunza siri wa ufalme kwa vizazi kadhaa kabla ya kutiwa ardhini mwanzoni mwa miaka ya 1930, akamkuta pamoja na vyuma vya mhunzi, alama ya enzi ya wafalme wa nchi ile.

Sasa turudi Gusii. Majeshi ya Kiingereza yalipanda milima hii mara ya kwanza mwaka 1905, yakaua watu na kuswaga mifugo. Mwaka 1907 ikafunguliwa boma ya serikali mahali penye mji wa Kisii, na mkuu wake wa kwanza akawa Geoffry Northcote, kijana ambaye wenyeji, kwa ulimi wao, walimwita Nyarigoti. Wazee walikumbuka wakati huo maneno ya Sakagwa, mwonaji wa Kitutu, aliyekuwa amebashiri kwamba wageni wangekuja na kukaa Getembe. Naye Sakagwa, husimuliwa, alitoweka pasi na maiti yake kuonekana, hata miaka mingi baadaye wafuasi wa dini ya Mumbo walikuwa wakimtazamia arudi. Moraa wa Ng'iti, mwanamke mganga ambaye neno lake lilisikiwa, hakungoja marejeo ya mtu. Aliwataka vijana wapigane, na Otenyo, aliyekuwa kama mwanawe, akaitikia. Januari 1908, Northcote alipokuwa njiani baada ya kukamata ng'ombe wa watu, Otenyo alimvizia, akamchoma mkuki mgongoni.

Northcote hakufa. Gusii ndiyo iliyolipa: kikosi cha askari wa King's African Rifles kikaletwa, nyumba zikatiwa moto, mazao yakaharibiwa, ng'ombe wakachukuliwa kwa maelfu, na watu wenye mikuki na ngao wakaangushwa kwa bunduki za rashasha kwa idadi iliyomtia hofu hata Winston Churchill, wakati ule naibu wa waziri wa makoloni mjini London, akaandika kuuliza kama kulikuwa na haja ya kuendelea kuwaua watu wasio na kinga kwa kiasi kikubwa namna ile. Otenyo alikamatwa. Wazee wa Gusii wamesimulia kwa zaidi ya karne moja, na wanasimulia hata leo, kwamba alipigwa risasi hadharani mjini Kisii, kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Uingereza, na kiwiliwili kikaachwa ili wenzake wakione. Northcote alipona, akapanda vyeo, na kuanzia mwaka 1937 akawa gavana wa Hong Kong.

Wako watakaosema kwamba masimulizi ya wazee si hati. Na wamtazame Mkwawa, mtawala wa Wahehe wa Tanganyika. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa na Wajerumani, alijipiga risasi karibu na Mlambalasi. Kichwa chake kikakatwa, kiwiliwili kikazikwa hapo hapo, na Wahehe wakashikilia kwamba kichwa kimepelekwa Ujerumani. Neno lao liliingia hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, kilichoitaka Ujerumani ikirudishe. Wajerumani wakajibu kwamba hawanacho. Ikapita miaka thelathini na zaidi, mpaka gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipokwenda mwenyewe Bremen, akaoneshwa mafuvu mengi katika jumba la makumbusho, na kwa kuyalinganisha vipimo na vichwa vya jamaa za Mkwawa, pamoja na alama ya risasi, likachaguliwa moja. Tarehe 19 Juni 1954 alimkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, fuvu hilo pale Kalenga, liliko hadi sasa. Wahehe walikuwa na hati gani? Walikuwa na maneno ya wazee, na serikali iliyoyabeba maneno hayo hadi mlangoni mwa makumbusho.

Wanandi nao, ambao kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa kwa hila Oktoba 1905 na ofisa wa Kiingereza Richard Meinertzhagen, walirudishiwa bakora zake za uongozi mwaka 2006, miaka mia moja na mmoja baadaye. Mfalme Charles alipozuru Kenya mwishoni mwa mwaka 2023, alizitaja kwa majuto dhuluma za enzi ya ukoloni. Majuto ni mwanzo, lakini daftari za makumbusho na za vyuo vya udaktari vya Uingereza, yalimoandikwa mafuvu yaliyotoka Afrika Mashariki, ndizo zinazotakiwa kufunguliwa.

Kwa hiyo naelekeza maombi yangu kwa serikali za kaunti za Kisii na Nyamira, kwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na kwa wizara inayoshughulikia mambo ya nje. Jambo la Otenyo lisiachwe kuwa hotuba ya siku za sherehe uwanjani. Ateuliwe mtaalamu wa kuyachukua masimulizi ya wazee wa Kitutu na koo nyinginezo kwa Ekegusii chao, maneno yao yakiandikwa kama yalivyotoka vinywani, kabla hawajatutoka. Zichunguzwe barua na taarifa za boma ya Kisii za mwaka 1908, zilizoko Nairobi na London. Na barua rasmi, yenye jina la mtu, mwaka na mahali, ipelekwe kwa kila jumba la Uingereza lenye mafuvu ya Waafrika, ikitaka jibu la maandishi. Misri ilimlinda Farao wake kwa kufuli na sheria, Wahehe walimdai Mkwawa kwa miaka 56, nasi tumekwisha kungoja zaidi ya 110. Barua hiyo iandikwe mwaka huu.